Maambukizi ya tumboni baada ya upasuaji na tiba za kuongeza kinga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mgonjwa anayesubiri kupasuliwa tumbo hapa Uganda, kwa ndugu atakayelala naye wodini, na kwa wahudumu wa vituo vya afya vya daraja la nne ambako upasuaji mwingi wa uzazi hufanyika. Hayachukui nafasi ya daktari aliyemshika mgonjwa mkononi.

Tunaposema maambukizi ya tumboni tunamaanisha nini?

Si kile kidonda cha juu kinachotoa usaha kidogo. Hicho kinasumbua, kinanuka na kinamchelewesha mtu kurudi shambani, lakini mara nyingi hakiui. Hapa tunazungumzia bakteria walioingia ndani kabisa, kwenye uwazi wa tumbo ambao kwa mtu mwenye afya hauna bakteria. Uwazi huo umetandazwa utando mwembamba unaofunika utumbo, ini na kuta zote. Ungeukunjua wote ungekaribia eneo la ngozi ya mwili mzima. Utando huo ukivimba wote kwa pamoja, maji ya damu yanahamia tumboni kwa lita, shinikizo la damu linaanguka na figo zinaacha kutengeneza mkojo. Hapo ndipo mtu anapofia.

Bakteria hupita njia chache tu. Kinyesi kimemwagika kabla ya upasuaji, kama pale kidole tumbo kinapopasuka au homa ya matumbo inapotoboa utumbo. Au utumbo umeunganishwa vizuri lakini siku chache baadaye mshono ukaachia. Au mama amejifungua kwa upasuaji baada ya chupa kupasuka siku nzima, na mfuko wa uzazi tayari ulikuwa umechafuka. Vyombo na mikono ya thieta huongeza yake.

Mwili unajitetea vipi humo ndani?

Kwanza kiwambo, ule msuli wa kupumulia, hufyonza majimaji ya tumboni pamoja na bakteria kupitia vitundu vidogo na kuwapeleka kwenye mitoki na damu. Kazi hiyo huanza ndani ya dakika chache. Pili, chembechembe nyeupe hukimbilia hapo na kuwameza. Tatu, mwili hutoa nyuzi zinazonata kama gundi, na lile shuka la mafuta linalofunika utumbo hujikunja kuzunguka tundu na kulizingira.

Kila ulinzi una gharama yake. Ufyonzaji unaingiza bakteria kwenye damu. Gundi inayozingira uchafu ndiyo baadaye inayokuwa ukuta wa jipu, na antibiotiki hazipenyi vizuri jipu.

Majaribio ya panya ya miaka ya 1970 yalionyesha jambo hili kwa uwazi. Panya waliowekewa kinyesi tumboni walikufa siku za mwanzo kwa sababu ya bakteria wa aina ya E. coli. Waliopona wakaota majipu siku chache baadaye, na humo aliyetawala alikuwa Bacteroides fragilis, bakteria anayeishi pasipo oksijeni. Ndiyo sababu upasuaji wa utumbo mpana unahitaji dawa mbili, moja kwa kila adui. Anayetoa moja tu anazuia kifo cha kesho na kuacha jipu la wiki ijayo.

Kuna vitu vinavyovunja ulinzi wote huu hata kwa kijana mwenye nguvu: damu iliyoganda (bakteria hupenda chuma chake), nyama iliyokufa, na kipande cha shashi kilichosahaulika. Kuhesabu shashi kabla ya kufunga tumbo si utaratibu wa makaratasi.

Tatizo ni kubwa kiasi gani kwetu?

Utafiti uliofanyika katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa 2018 ulifuatilia wagonjwa 11,422 waliopasuliwa. Karibu mmoja kati ya watano alipata matatizo, na maambukizi ndiyo yaliyoongoza. Jambo la kuangaliwa zaidi ni hili: zaidi ya asilimia 94 ya waliokufa hawakufia siku ya upasuaji, walikufa siku zilizofuata, wodini. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliohusu upasuaji wa tumbo, ulikuta maambukizi ya kidonda kwa asilimia 9.4 katika nchi zenye maendeleo makubwa na asilimia 23.2 katika nchi zenye maendeleo ya chini.

Kwa hapa nyumbani, wilaya ya Kasese haijasahaulika. Katika mlipuko wa homa ya matumbo wa 2008 na 2009, wagonjwa 249 kati ya 577 waliorekodiwa walitoboka utumbo. Tundu la namna hiyo mara nyingi hutokea wiki ya tatu ya homa, mwishoni mwa utumbo mwembamba, kwa mtu ambaye tayari amekonda na kuishiwa nguvu. Hakuna mshono unaoshika kirahisi kwenye utumbo kama huo.

Je, kuna sindano au dawa ya kuongeza kinga inayozuia maambukizi haya?

Zimejaribiwa, na wazo lenyewe si upuuzi. Lakini hadi leo hakuna iliyokuwa tiba ya kawaida kwa kila anayepasuliwa.

Iliyofika mbali ni beta-glukani, sukari ndefu inayotolewa kwenye ukuta wa hamira. Chembechembe nyeupe zikiigusa hudhani kuna fangasi na huamka kabla adui wa kweli hajafika. Kwa wanyama waliopewa kabla ya kuambukizwa, vifo vilipungua, hasa ilipoambatana na antibiotiki. Kisha yakaja majaribio ya binadamu. Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya Marekani ya wagonjwa zaidi ya 1,200 wenye upasuaji mkubwa wa tumbo: kwa jumla hakukuwa na tofauti. Waliopewa dawa na kupasuliwa sehemu isiyo utumbo mpana walionekana kupata maambukizi mazito machache zaidi, lakini madhara yaliwafanya wengi zaidi waliopewa dawa hiyo kuacha kuitumia. Dawa haikuendelea.

Filgrastimu huongeza idadi ya chembechembe nyeupe. Ina kazi yake halali kwa mgonjwa wa saratani ambaye dawa zimezifagia; kwa mtu ambaye hesabu yake ni ya kawaida, kuongeza idadi hakujaonyesha kupunguza maambukizi baada ya upasuaji wa utumbo. Interferoni gama hutumika kwa ugonjwa adimu wa kuzaliwa nao wa kinga. Thaimosini alfa 1, dawa nyingine ya kuamsha kinga, ilijaribiwa China kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 ambao maambukizi yao yalishasambaa mwilini, na matokeo ya 2025 hayakuonyesha vifo kupungua.

Kwa nini dawa inayosaidia panya inamshinda binadamu?

Kwa sababu kinga si tangi la maji kwamba ukijaza zaidi unapata zaidi. Saa za kwanza za maambukizi makali, kinga huwaka kupita kiasi na moto huo ndio unaoharibu mapafu na figo. Siku chache baadaye mambo hugeuka: kinga hulala, na mgonjwa aliyepona wimbi la kwanza anashikwa na nimonia au fangasi. Dawa ileile ya kuamsha kinga ni petroli kwenye moto siku ya kwanza na huenda ikawa msaada siku ya saba. Panya wa maabara wanaambukizwa saa inayojulikana, ni wa umri mmoja na hawana kisukari. Mgonjwa wetu hufika kwa boda boda siku ya tatu ya maumivu.

Tena, hakuna kinga inayoshinda utumbo unaovuja. Tundu likiendelea kumwaga kinyesi, askari unaowaongeza wanaishia humohumo.

Mama yangu atapasuliwa utumbo wiki mbili zijazo. Nimnunulie unga au vidonge vya kuongeza kinga?

Weka pesa hiyo kwenye protini. Tunasema hivi bila kigugumizi.

Kuna vinywaji maalumu vya hospitali vyenye arjinini, omega-3 na nukleotidi, vinavyonywewa siku 5 hadi 7 kabla ya upasuaji mkubwa. Katika tafiti nyingi vilipunguza maambukizi, hasa kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo waliokonda, ingawa ubora wa tafiti hizo unabishaniwa. Shirika la Afya Duniani linashauri lishe ya aina hiyo ifikiriwe kwa mgonjwa mwenye uzito mdogo anayefanyiwa upasuaji mkubwa, na halisemi kila mtu apewe. Kwa mgonjwa ambaye tayari ana maambukizi makali mwilini, arjinini nyingi inaweza kudhuru. Makopo ya unga yanayouzwa mitaani kwa jina la kinga si vinywaji hivyo.

Kile ambacho kila nyumba inaweza ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Mayai mawili yana gramu 12. Maharagwe makavu gramu 100, yapimwe kabla ya kupikwa, yana kama 21. Sosi ya karanga iliyotoka kwenye karanga gramu 50 ina 12. Mukene (dagaa) iliyokaushwa vizuri na kusagwa, gramu 30, ina kama 18. Nunua iliyoanikwa juu ya neti, ile ya mchangani inasaga meno na kubeba uchafu. Maziwa nusu lita, 16. Jumla 79, bila nyama. Matoke yanashibisha lakini protini yake ni kidogo mno, na mchuzi mwepesi wa nyama ambao ndugu huleta kwa upendo ni maji yenye chumvi na mafuta. Mpe nyama yenyewe.

Mgonjwa aliyepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ndani ya miezi sita anafaa kulishwa kwa siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji, kama ugonjwa wenyewe unaruhusu kusubiri. Tundu la utumbo halisubiri. Uliza pia kuhusu upungufu wa damu, kwa sababu kuutibu mapema kwa vidonge vya chuma, pamoja na kutibu minyoo na malaria, ni nafuu kuliko kuongezewa damu.

Mitishamba, tangawizi, mlonge, vitunguu saumu?

Kwenye chakula, kwa kiasi cha jikoni, hamna neno. Vidonge na maji mazito ya mitishamba yaachwe angalau wiki mbili kabla. Kitunguu saumu kwa wingi hupunguza kuganda kwa damu, na damu iliyovuja tumboni, kama tulivyosema, ni chakula cha bakteria. Mwambie daktari wa usingizi kila ulichokunywa, pamoja na emmumbwa (udongo wenye mitishamba) ya wajawazito. Hatakugombeza; na akikugombeza, bado umefanya vizuri kusema.

Natumia dawa za virusi vya UKIMWI. Niziache ili zisigongane na dawa za usingizi?

Hapana. Meza asubuhi ya upasuaji kwa maji kidogo, saa ileile ya kawaida. Hii ndiyo tiba ya kuongeza kinga iliyothibitishwa kuliko zote zilizotajwa katika ukurasa huu. Vivyo hivyo anayetumia predinisoloni au dawa nyingine za kushusha kinga: asizikatishe mwenyewe kwa kuogopa maambukizi, maana kuacha ghafla kunaweza kuporomosha shinikizo la damu akiwa mezani.

Antibiotiki itolewe lini, na kwa siku ngapi?

Kabla ya kisu. Dawa inapaswa kuwa tayari ndani ya nyama wakati ngozi inakatwa. Utafiti wa Marekani wa 1992 uliofuatilia wagonjwa 2,847 ulikuta maambukizi ya kidonda kwa asilimia 0.6 tu pale dawa ilipotolewa ndani ya saa mbili kabla ya kukata, na zaidi ya asilimia 3 ilipotangulia mno au ilipokuja baada ya upasuaji. Dawa ni ileile, chupa ni ileile. Kilichotofautiana ni saa.

Kwa mtu mzima, sefazolini gramu 2 kwenye mshipa, ndani ya saa moja kabla ya kukata, na kwa utumbo mpana au kidole tumbo iongezwe metronidazoli miligramu 500. Upasuaji ukizidi saa nne, au damu ikimwagika zaidi ya lita moja na nusu, sefazolini irudiwe. Kwa upasuaji wa kujifungua vilevile: itolewe kabla ya kukata, isingoje kitovu kikatwe.

Kama tumbo lilikuwa safi, hakuna dozi baada ya hapo. Kuandikiwa siku saba "kwa usalama" ni desturi iliyozoeleka sana wodini na haina faida. Inazalisha bakteria sugu na kuhara. Kama kulikuwa na usaha au kinyesi, hiyo sasa ni tiba, na jaribio la 2015 la wagonjwa 518 lilionyesha kwamba siku nne baada ya chanzo kuondolewa kikamilifu zinatosha sawa na siku nane.

Ni nini kingine kinachoisaidia kinga siku ya upasuaji?

Joto. Chembechembe nyeupe huua bakteria kwa kutumia oksijeni, na mwili ukipoa mishipa ya damu hujikunja, oksijeni haifiki. Mwaka 1996, kati ya wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo mpana, walioachwa wapoe walipata maambukizi ya kidonda asilimia 19. Waliopashwa, asilimia 6. Jaribio kubwa la 2022 halikuona tofauti kati ya nyuzi 35.5 na 37, kwa hiyo shabaha halisi ni kutoshuka chini ya 35.5. Kabale usiku wa Julai, kwenye thieta yenye dirisha linalopitisha upepo, mgonjwa anafika huko haraka. Blanketi kabla ya kuingia, dripu iliyopashwa kidogo, maji ya kusafishia tumbo yenye joto la mwili. Vyote hivi ni rahisi kuliko sindano yoyote ya kinga.

Sukari ya damu isizidi milimoli 10 kwa lita, hata kwa asiye na kisukari, na isishushwe mpaka ikawa hatari. Sigara iachwe wiki nne kabla. Na waragi vilevile.

Tuwaulize nini watu wa thieta?

Nywele zisinyolewe kwa wembe. Zikikatwa, zikatwe kwa mkasi au mashine, maana wembe huacha mikwaruzo ambamo bakteria hukaa. Mgonjwa aoge kwa sabuni ya kawaida usiku au asubuhi hiyo. Dawa ya ngozi iachwe ikauke yenyewe, isifutwe. Kati ya klorheksidini yenye spiriti na povidoni ayodini, jaribio kubwa la 2021 katika nchi saba za kipato cha chini na cha kati halikuona tofauti, basi kituo kisisimamishe kazi kwa kukosa ile ya bei ghali.

Jambo moja la bei ndogo lina ushahidi mzuri: kubadilisha glavu na vyombo kabla ya kufunga tumbo. Jaribio la 2022 lenye wagonjwa 13,301, Rwanda ikiwemo, lilishusha maambukizi kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Seti ndogo ya pili ya kufungia inatosha: kishika sindano, koleo, mkasi.

Kuhusu vyombo, mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 30 kwa vilivyofungwa, muda uhesabiwe baada ya joto kufika. Kosa linalorudiwa ni kujaza mashine mpaka mvuke usipite, au kutoa mafurushi yakiwa bado na unyevu. Kitambaa chenye maji hunyonya bakteria kutoka mezani. Utepe unaobandikwa kwenye furushi, ukibadilika rangi, unasema tu kwamba furushi lilipata joto, hausemi kwamba bakteria wamekufa.

Mimi ndiye ninayelala naye wodini. Kazi yangu ni ipi?

Mikono yako ndiyo inayomgusa zaidi kuliko ya sista. Nawa kwa sabuni kabla ya kumlisha na baada ya kumsafisha, na mkeka wako usipandishwe kitandani. Bandeji usiifungue kuchungulia. Msaidie aketi siku ileile kama daktari ameruhusu, kesho yake atembee hata hadi mlangoni. Chakula, isipokuwa daktari akikataza, kinaweza kuanza ndani ya saa 24. Kumnyima mpaka ajambe ni mazoea ya zamani, na utumbo usiolishwa ukuta wake hudhoofika.

Ni dalili zipi za kumwita musawo (mhudumu wa afya) bila kusubiri mzunguko wa asubuhi?

Maumivu ya upasuaji hupungua kila siku. Yakigeuka na kuongezeka, hasa kati ya siku ya tatu na ya kumi, chukulia mshono wa ndani umeachia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mara nyingi dalili ya kwanza ni moyo kwenda mbio bila homa. Kisha tumbo linajaa na kukaza, kwikwi zisizokoma, kutapika kijani, mrija kutoa maji ya rangi ya kinyesi, mkojo kupungua. Hesabu pumzi kwa dakika nzima: 22 au zaidi ni kengele. Mgonjwa anayeanza kuongea yasiyoeleweka asiambiwe kwamba amechoka na dawa za usingizi za siku nne zilizopita.

Akiwa ameshatoka hospitali, dalili hizi zinamrudisha siku hiyohiyo, usiku ukiwa usiku.

Akishapata maambukizi, atatibiwaje?

Antibiotiki ndani ya saa moja, damu ipelekwe maabara kwanza kama haicheleweshi. Kisha chanzo: kufungua tena, kuosha, kutoa utumbo nje ya ngozi kwa muda, au kunyonya jipu kwa sindano chini ya ultrasaundi. Ndugu wengi wanakataa upasuaji wa pili kwa kuuona kama ushahidi kwamba wa kwanza ulikosewa. Mshono huweza kuachia hata kwenye mikono bora. Kinachoua ni siku mbili za kubishana.

Dripu zinahitaji busara. Jaribio la Lusaka la 2017, kwa watu wazima wenye maambukizi makali na shinikizo la chini, lilikuta vifo asilimia 48 kwa waliopewa maji mengi haraka kwa utaratibu maalumu, na 33 kwa waliopata huduma ya kawaida. Wengi wao walikuwa na virusi vya UKIMWI, si wagonjwa wa upasuaji, lakini pale pasipo mashine ya kupumulia funzo linatuhusu: mpe kidogo kidogo, sikiliza mapafu, pima mkojo.

Nilitolewa wengu baada ya ajali ya boda boda. Nina haja ya chanjo?

Ndiyo, na hapa kuongeza kinga ni tiba kamili isiyo na ubishi. Wengu, wengine huita bandama, huchuja damu na kukamata bakteria wenye ganda. Bila wengu, nimonia ya kawaida inaweza kuua ndani ya siku moja. Chanjo ni tatu: ya nimokoka, ya meningokoka na ya Hib (bakteria wa Haemophilus influenzae aina ya b). Upasuaji uliopangwa, zitolewe angalau wiki mbili kabla. Wa dharura, wiki mbili baada, au siku ya kuruhusiwa kama kuna hofu hutarudi. Lala kwenye neti kila usiku, kwa sababu malaria nayo humshika vibaya asiye na wengu. Ukipata homa, anza antibiotiki uliyoandikiwa kukaa nayo nyumbani ukiwa njiani kwenda hospitali, na ukifika sema mlangoni kwamba huna wengu, kabla hata ya kuulizwa jina.